Sura ya Nne: Nani Alikuleta Saiti?

Msimu wa masoko ya tumbaku ukimalizika, Usinge hujenga. Wakulima wa wilaya ya Kaliua wakishalipwa, matanuru ya matofali yanawaka, malori yanashusha saruji na mabati, na vijana ambao juzi walikuwa wakifunga majani ya tumbaku wanageuka kuwa saidia fundi. Huu ni mji mdogo wa reli, stesheni iliyo kati ya Kaliua na Nguruka kwenye njia iendayo Kigoma. Nguzo za umeme wa vijijini hupita kando ya barabara, na kando ya barabara ndiko kila mtu anakotaka kujenga fremu ya duka. Kwa hiyo ukuta unapanda kuufuata waya.

Sasa chukua saiti yoyote ya hapa, au ya Urambo, au ya Dar es Salaam kwenyewe. Kibarua anapigwa shoti. Watu wanamtoa kwenye waya, wengine wanammwagia maji (jambo lisilo na faida yoyote na lenye hatari), na kabla hajapata hata bodaboda ya kumpeleka zahanati, swali linaanza kuzunguka: "Huyu dogo nani alimleta saiti?" Mwenye nyumba anasema kazi alimpa fundi mkuu. Fundi mkuu anasema yeye alichukua kuta tu, nondo na zege zina mwenyewe. Huyo mwenye nondo anasema kijana alijileta asubuhi akiomba kibarua cha kubeba maji. Kwenye miradi mikubwa mlolongo ni mrefu zaidi: kuna mkandarasi mkuu, mkandarasi mdogo, msimamizi, na kiongozi wa genge anayekusanya vibarua getini alfajiri. Wote wanakiri kumfahamu kijana, ila hakuna anayekiri kumwajiri.

Nasema mapema ninakoelekea. Swali hilo sheria ya Tanzania imeshalijibu, na imelijibu kwa upande wa kibarua. Wengi wanakosa fidia kwa sababu hawajui kwamba limejibiwa, na wanaojua wanafika ofisini mikono mitupu.

Kwanza tuone watu wanavyoumia, maana bila hilo hata madai hayaandikiki vizuri. Nondo inatoka kiwandani ikiwa na urefu wa mita 12. Fundi anayeipandisha juu kwa ajili ya nguzo za ghorofa huisimamisha wima, macho yake yakiwa kwenye mikono na miguu, na ncha ya juu haioni. Nyaya nyingi za kilovolti 11 na 33 unazoziona kwenye nguzo hazina ganda. Pia hazisubiri kuguswa: chuma kikisogea karibu mno, umeme unaruka hewani na kukifuata. Ngazi ya alumini hufanya hivyohivyo, bomba la jukwaa hufanya hivyohivyo, na bati refu likipeperushwa na upepo wa saa nane mchana halichagui pa kuangukia. Madereva wa tipa nao wanamwaga mchanga chini ya waya na kuinua bodi bila kutazama juu. Mirunda ya miti ambayo mafundi wetu huitumia kujengea majukwaa ina nafuu kidogo ikiwa mikavu. Ikilowa, nafuu hiyo imekwisha.

Hayo ni ya juu. Ya chini ni mengi zaidi na hayapigi kelele. Umeme wa saiti huwa wa muda, na cha muda hapa kwetu hudumu. Waya umevutwa kutoka nyumba ya jirani, umeungwa mara tatu kwa selotepu, unapita kwenye tope la zege hadi kwenye vaibreta au mashine ya kuchomelea. Plagi haipo; nyaya zimevuliwa ganda na kuchomekwa kwenye soketi kwa vijiti. Waya wa ethi haujaunganishwa kwa sababu aliyeunga aliona mashine inazunguka bila huo. Breka iliyokuwa "inakatakata" imerukwa, ingawa kukatakata kwake ndiko kulikokuwa kunawaambia watu kwamba umeme unavuja. Kazi ya namna hii mara nyingi ni ya vishoka, wale wasio na leseni ya EWURA wanaojitambulisha kama mafundi wa TANESCO. Breka inayokata umeme ukivuja kwa miliampea 30 ni kifaa kidogo kinachokaa kwenye kiganja, na kwa maoni yangu mkandarasi anayeweza kununua malori ya kokoto asipokiweka hana cha kujitetea.

Kwa nini 30? Umeme wa nyumbani ni volti 230. Balbu ya zamani ya wati 60 hupitisha miliampea 260 hivi. Mwili wa binadamu hauhitaji kiasi hicho. Miliampea 10 au zaidi kidogo zinatosha kuikaza misuli ya mkono hata usiweze kuuachia waya, ndiyo maana watu husema umeme "umemvuta". Zikipita 30 au zaidi kifuani kwa muda, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Ngozi kavu husaidia kuuzuia, lakini saidia fundi hana ngozi kavu: amelowa jasho, ameshika sepetu yenye zege, yuko peku au amevaa kandambili.

Jambo moja la kitabibu lina uzito mkubwa kisheria. Aliyepigwa na umeme mkubwa anaweza kuinuka, akajipangusa, akasema yuko sawa. Nje utaona alama ndogo mkononi na nyingine kwenye unyayo, huku ndani misuli iliyopitiwa na umeme imeungua. Misuli iliyokufa huachia vitu vinavyoziba figo, na mkojo unakuwa mweusi kama soda. Moyo nao unaweza kuleta matatizo baadaye. Kwa hiyo "ameamka, mpeni soda apumzike" ni kosa la kwanza. Apelekwe hospitali apimwe moyo, na kama amepigwa na waya wa njia kubwa, zahanati ya karibu iwe mahali pa kuanzia tu. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, iko Tabora mjini. Faili litakalofunguliwa siku hiyo ndilo litakalomtetea baadaye.

Turudi kwa aliyemleta. Kwenye njia hii swali hilo ni la zamani. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani, ikapumzika Unyanyembe, kisha ikaelekea mto Malagarasi na Ujiji, ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32 au zaidi. Mpagazi alikuwa mtu wa ujira aliyepatana malipo na kupewa posho ya njiani. Akivunjika mguu, aliachwa kijiji cha karibu, na mzigo ukahamia bega jingine. Baadaye Wajerumani wakaleta reli: ilifika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, ikijengwa na kampuni ya Philipp Holzmann. Ujerumani yenyewe ilikuwa na sheria ya bima ya ajali za kazini tangu 1884. Waliojenga reli inayopita Usinge walitoka nchi ambako wazo kwamba kazi ikimvunja mtu basi imlipe lilikuwa na umri wa karibu miaka thelathini.

Waingereza ndio walioacha sheria ya fidia kwa Watanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1940, na tukaendelea nayo baada ya Uhuru. Viwango vyake viligandishwa huku shilingi ikishuka thamani, hadi ikafika mahali ambapo fidia ya juu kabisa kwa ulemavu wa kudumu ilikuwa shilingi 108,000, na ya kifo 83,000. Sijakosea sifuri hapo. Uhai wa fundi ulikuwa na thamani ya mifuko michache ya saruji. Wazee wa saiti wanaosema "fidia ya serikali ni hela ya soda" walikuwa sahihi kwa zama zao, na bahati mbaya wameirithisha kauli hiyo kwa vijana ambao hali yao ni tofauti.

Bunge lilipitisha Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi Julai 2015. Kila mwajiri, wa serikali au wa binafsi, anatakiwa kujisajili na kuchangia kila mwezi. Kwa sekta binafsi mchango ulianza na asilimia 1 ya mishahara na sasa ni asilimia 0.5. Mfanyakazi hachangii hata senti; ukikatwa kwa jina la WCF, umeibiwa.

Mfuko hulipa matibabu. Ukiwa huwezi kufanya kazi kwa muda, hulipa asilimia 70 ya kipato chako cha mwezi, kwa miezi isiyozidi 24. Tuseme ulikuwa ukipata shilingi 15,000 kwa siku na kufanya kazi siku 24 kwa mwezi: kipato chako ni 360,000, na asilimia 70 yake ni 252,000 kila mwezi wakati mkono unapona. Ulemavu ukiwa wa kudumu, madaktari huupima kwa asilimia. Usiozidi 30 hulipwa mkupuo mmoja, unaozidi hapo hulipwa pensheni. Mfanyakazi akifa, kuna msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi wake. Kuna pia utengamao, pamoja na viungo bandia, jambo ambalo kwa majeruhi wa umeme si la pembeni, maana mkono ulioungua ndani mara nyingi huishia kukatwa.

Lakini kilichobadilika zaidi kuliko viwango ni hoja yenyewe. Mfuko hauulizi nani alikosea. Unauliza kama umeumia kutokana na kazi na ukiwa kazini. Foromani atakuambia, "Kaka, ulijitakia, nilishakwambia usiguse." Inawezekana ni kweli. Uzembe wa kawaida, ule wa binadamu aliyechoka saa tisa mchana, haukunyimi fidia. Sheria inamwekea mpaka aliyefanya utovu wa makusudi na mkubwa, na hata hapo inalegea pale matokeo yanapokuwa ulemavu mkubwa au kifo. Nimesikia majeruhi wengi wakijihukumu wenyewe wodini, kabla hata mwajiri hajasema neno: "Kosa langu." Afadhali wasiandike hivyo kwenye karatasi ya mtu.

Na kibarua asiye na mkataba? Hapa ndipo penye jibu nililolitaja mwanzoni. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayefanya kazi kwa mwingine atachukuliwa kuwa mwajiriwa ikiwa hata jambo moja kati ya haya lipo: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, ni sehemu ya shughuli za huyo anayemfanyia kazi, amefanya kazi kwake wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kwa kipato, anapewa vifaa, au hana mwingine anayemfanyia kazi. Soma tena kisha mfikirie saidia fundi. Aliambiwa afike saa moja asubuhi. Alikabidhiwa sepetu isiyo yake. Alionyeshwa pa kumwaga zege. Hata kama ni siku yake ya kwanza, sheria inamdhania kuwa mwajiriwa, na anayebisha ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Aliyekupa sepetu, akakupangia saa na kukulipa jioni ndiye aliyekuleta saiti, hata akikataa mbele ya mjumbe na mashahidi kumi.

Mwajiri huyo akiwa hajajisajili WCF, kosa ni lake, tena la jinai. Taarifa ipelekwe hivyohivyo.

Kinachobaki ni ushahidi, na ushahidi wa saiti huyeyuka haraka. Jioni ya siku ya ajali waya mbovu huwa umeshaondolewa. Kesho yake daftari la mahudhurio lina ukurasa mpya. Kwa hiyo mwenzako mmoja apige picha mapema: waya, mashine, nguzo, nondo ilipoangukia. Meseji za malipo ya simu zisifutwe. Malipo ya M-Pesa ya kila Jumamosi kutoka namba ileile yanasema mengi kuliko barua ya ajira ambayo hukupewa, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ushahidi wa aina hiyo unapokelewa mahakamani. Sauti ya WhatsApp ya foromani akisema "kesho njoo saa moja na wale vijana wawili" itunzwe. Chukua majina na namba za waliokuwapo, maana vibarua ni watu wa kuhama; shahidi wako wa leo Usinge mwezi ujao yuko Mpanda.

Polisi watoe fomu ya PF3. Hospitalini sema mwenyewe, au ndugu yako aseme, kwamba ulipigwa na umeme ukiwa kazini, na utaje saiti. Anayekusindikiza kwa gari la mkandarasi anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini akiandikisha "ameanguka nyumbani", karatasi hiyo itakufuata miaka. Omba nakala.

Mwajiri aambiwe mapema iwezekanavyo. Kwa mdomo inakubalika, kwa meseji ni bora. Yeye anatakiwa kuufahamisha Mfuko ndani ya siku 7. Asipofanya, fanya wewe. Muda wa mwisho wa kuleta madai ni miezi 12 tangu ajali. Ukiona asilimia ya ulemavu uliyopewa haifanani na mkono ulionao, omba uamuzi upitiwe upya na Mkurugenzi Mkuu. Usiporidhika unakwenda kwa Waziri, kisha Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Watu huchanganya WCF na OSHA. OSHA, wakala ulio chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, hukagua saiti, huchunguza ajali na humchukulia hatua mwajiri. Haikulipi. Hata hivyo ripoti yake ina nguvu sana ukiamua kudai kwingine, na kuna pa kudai. Ukifukuzwa kwa sababu umeumia, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku zako ni 30 tu tangu kuachishwa. Wengi huzimaliza wakiwa wodini.

Mlango mwingine ni kesi ya madhara dhidi ya mtu wa tatu: mwenye mashine ya kukodi iliyokuwa mbovu, kishoka aliyeunga waya, au mwenye njia ya umeme ambayo waya wake ulining'inia chini kuliko inavyotakiwa na alishaambiwa. Hapa uzembe unauliziwa, na wewe ndiye wa kuuthibitisha. Muda ni miaka 3. Mdaiwa akiwa shirika la umma kama TANESCO, tangu marekebisho ya 2020 unatoa kwanza notisi ya siku 90, unamuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Kwa mtu wa Usinge hiyo ni Tabora. Njia hii ni ndefu na ghali. Binafsi ningemshauri majeruhi amalize ya WCF kwanza, na huku akihesabu miaka yake mitatu asije akailalia.

Wakenya walikuwa na mazoea tofauti. Kwa miaka mingi kibarua wa Nairobi aliyeumia alitafutwa na wakili hadi kitandani, kesi ikaenda moja kwa moja mahakamani. Desemba 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ikathibitisha kwamba chini ya sheria yao ya 2007 madai yanaanzia kwa mkurugenzi wa usalama kazini, na mahakama ni ya rufaa. Mawakili walilalamika sana. Tofauti kubwa na sisi ni kwamba kule mwajiri hukata bima kwenye kampuni binafsi. Hapa kuna mfuko mmoja wa umma. Mfuko mmoja una urasimu wake, ila haufilisiki kimyakimya wala haumpi majeruhi kazi ya kutafuta bima ilikatwa wapi.

Haya hayawezi kusubiri, kwa sababu umeme utakaofika ukanda huu ni mkubwa kuliko wa fremu za maduka. Mkataba wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022 na kampuni za Kichina. Treni zake huendeshwa kwa waya wa juu wa kilovolti 25. Vijana wa Kaliua wataomba kazi huko kama babu zao walivyoomba kwenye misafara, kwa genge na kwa kujuana, na wengi hawataona karatasi yoyote.

Kijana, kabla ya kushika sepetu, uliza jina la kampuni na la anayekulipa, kisha mtumie ndugu yako kwa meseji. Ukiumia, usisaini karatasi ya "sina madai" kwa laki mbili za kujikimu. Pokea matibabu, kataa kalamu. Nenda Ofisi ya Kazi Tabora mjini, au WCF, au tafuta msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambaye huduma yake ni bure. Na wewe mwenye nyumba uliyelipwa tumbaku juzi: kabla ukuta haujapita lenta, waite TANESCO waje wauone ule waya.